Bibi alikuwa mwalimu wa UPE, mjomba anataka hilo lifutwe kwenye historia yake. Mnasemaje?

#1 MjukuuWaMwalimu
Wakuu, salama?

Bibi yangu mzaa mama amefariki mwezi uliopita. Alizaliwa 1958, akamaliza la saba 1975, akafundisha darasa la kwanza na la pili kwenye mji mdogo wa reli ya kati, mkoa wa Tabora, mpaka alipostaafu 2018. Shule ileile moja. Arobaini yake inakaribia na familia inataka kuchapa kijitabu chenye historia ya marehemu. Kazi nimetupiwa mimi, eti ndiye msomi.

Ugomvi uko hapa. Nimeandika kwamba alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mjomba kaja juu: toa hilo, andika "alipata mafunzo ya ualimu", basi. Anasema UPE ni tusi, watu watacheka. Mimi naona hapo ndipo penye habari yenyewe. UPE inaanza 1977, Nyerere kafuta ada, watoto wamefurika, binti wa la saba anakabidhiwa watoto tisini na kipande cha chaki.

La pili ndilo linanisumbua zaidi. Bibi hakuwa mpole. Alichapa mji mzima, na mama yangu kuliko wote. Lakini msibani watu walijaa hadi barabara ya stesheni haipitiki, wanaume wenye mvi wanalia bila aibu. Kila niliyemuuliza kwa nini alipendwa hivyo kanipa sababu yake. Nyie mliopitia mikononi mwa walimu wa aina hii, ilikuwa nini?

#2 nipo_pembeni
Pole mkuu. Nimekaa hapa nasoma.

#3 TakwimuKwanza
Pole sana. Kabla hujapeleka kwa mchapaji, rekebisha tarehe. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973. Azimio la Musoma ni Novemba 1974, na ndilo lililoagiza kila mtoto awe shuleni ifikapo Novemba 1977. Mpango wa kwanza ulikuwa kufika huko 1989, wakaukata kwa miaka 12. Walimu wa kutosha wangetoka wapi kwa haraka ile? Ndipo wakaitwa kina bibi yako. Kwa hiyo 1977 ni mwaka wa kufika, si wa kuanza.

#4 Bi Skuli
Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mungu amlaze pema.

Nyie 1973 ndiyo mnaisemea kwa sauti kubwa hivyo? Huku kwetu Unguja elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964. Tulikungojeni sana.

#5 Kidumu na Ufagio
Bi Skuli umeanza mapema leo, hata chai hatujanywa.

Mtoa mada, kwangu jibu ni fupi: darasa la kwanza. Mwalimu wa la saba anakukuta unasoma tayari. Wa la kwanza ndiye uliyekuwa naye siku ile silabi zinashikana, umezikariri ba be bi bo bu wiki nzima kwa sauti bila kuelewa unachokiimba, halafu asubuhi moja unatazama ubao unakuta pameandikwa "baba" na hakuna aliyekuambia. Mtu hasahau nani alikuwa amesimama pale mbele. Na kwenye mji mdogo wenye shule moja, kila mtu kapita mkononi mwake, kuanzia fundi baiskeli hadi diwani. Ukitaka kujua kwa nini barabara ilifungwa, hesabu vizazi.

#6 Mpinga Fimbo
Poleni wafiwa, nasema hili kwa heshima zote. Sisi Watanzania tukishamzika mtu tunamfuta madoa yote. Mimi natumia mkono wa kushoto. Mwalimu wangu wa la pili alinifunga mkono ule na kamba ya katani mpaka nikajifunza kuandika kwa kulia. Mwandiko wangu hadi leo hausomeki kwa mkono wowote. Naye alipofariki walijaa, nami nilikwenda. Tulijaa kwa sababu kwenye mji mdogo usipoonekana msibani utasemwa. Huo si upendo.

#7 ReliYaKati
Mtoa mada, huo mji naufahamu na bibi namfahamu, sitasema zaidi. Pole sana ndugu yangu.

Nyote mmesahau kisomo. Mchana alifundisha watoto, jioni alifundisha wazazi wao, chumba kilekile, madawati yaleyale, wazee magoti yamegonga mbao. Babu yangu alifundishwa na yeye kusoma mwaka 1971 na mpaka anakufa alikuwa akimwamkia shikamoo, mtoto mdogo kwake.

#8 TakwimuKwanza
@ReliYaKati, bibi kazaliwa 1958. Mwaka 1971 alikuwa na miaka 13, yupo shuleni. Babu alifundishwa na mwingine.

Kwenye kisomo chenyewe uko sahihi. Mwaka 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1971 wilaya kama Mafia na Ukerewe zikapewa amri ya kufuta ujinga ndani ya mwaka huo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 67 kwa kila 100. Mtihani wa taifa wa 1975 ukakuta 39, wa 1977 ukakuta 27, na 1986 wakawa chini ya 10.

#9 ReliYaKati
Basi itakuwa 1975, cheti chake cha mtihani wa Agosti kipo. Na hata hiyo 1971 usiifunge moja kwa moja. Kisomo kilikuwa cha yeyote anayejua kumfundisha asiyejua. Watoto wa la tano na la sita waliwafundisha wazazi wao nyumbani. Anaweza kuwa ni yeye kweli.

#10 TakwimuKwanza
Anaweza. Kwenye kijitabu "anaweza" haichapwi.

#11 Mstaafu Daraja C
Vijana, nimeletewa uzi huu na mwanangu. Mimi ni UPE. Nimesoma la saba, nikakosa nafasi ya kidato cha kwanza, nikawa mwalimu. Niwaeleze ilivyokuwa, maana wanaotucheka hawakuwepo.

Hatukupelekwa chuo miaka miwili kama wenzetu. Tulijifunza tukiwa kazini, miaka mitatu. Asubuhi unafundisha darasa, mchana unakaa wewe darasani, na anayekufundisha ni mwalimu mkuu wa shule yako au mkufunzi anayezungukia vituo. Kulikuwa na vipindi vya redio na masomo ya posta. Mwisho unakwenda chuo kwa wiki chache, unafanya mtihani, unatoka Daraja C, ngazi ya chini ya ualimu. Mwalimu mkuu wangu alikaa nyuma ya darasa langu na daftari lake, kila kosa analiandika. Nikimaliza kipindi watoto wanatoka, mimi nabaki nasomewa mashtaka. Andalio la somo nililiandika usiku kwa kibatari, na nikilipeleka bila lengo la somo narudishwa. Nani leo anafundishwa hivyo, na mtu mmoja, miaka mitatu?

Shule ilikuwa na zamu mbili, asubuhi kundi hili, mchana kundi lile, vyumba havitoshi. Halafu ikaja vita ya Kagera, 1978 na 1979, na baada yake hali ikawa mbaya kabisa. Madaftari hakuna. Watoto waliandika mchangani kwa kijiti, nami napita juu nasahihisha kwa mdomo, kisha wanafuta kwa kiganja wanaandika tena. Mshahara ukichelewa unalima. Wazazi wengine walinilimia wao.

Sasa kwa nini walitupenda. Ninavyoona mimi, ni kwa sababu tulikuwa tumeshindwa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, sisi tulibaki. Mtoto akiwa mzito darasani nilijua anachosikia tumboni. Wale wa sekondari na vyuo vikubwa hawakukijua, wao walikuwa hodari tangu mwanzo.

#12 MjukuuWaMwalimu
Shikamoo mzee. Ahsante kwa haya, nitamsomea mjomba.

Bibi naye alikosa sekondari. Hakupata kulisema hata mara moja, ila mama anasema matokeo ya la saba yakitoka kila mwaka alikuwa hatoki nje siku hiyo.

#13 Bwana Imla
Marahaba ya mzee siiingilii, lakini tusipake rangi. Lile jina la utani la UPE, "Ualimu Pasipo Elimu", halikutungwa na maadui. Mwalimu wangu wa UPE aliandika ubaoni "kura" akimaanisha "kula", tukanakili darasa zima. Nchi iliandikisha watoto wengi kwa pupa na ubora ukaanguka, tukaanza kuuokota tena baadaye kwa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002. Na zile asilimia za kisomo alizotoa #8, wengi waliofaulu walisahau kusoma baada ya miaka michache kwa kukosa cha kusoma. Upendo wa kijiji haurekebishi sera.

#14 Mstaafu Daraja C
Kijana, "kura" na "kula" hata chuoni wapo wanaozichanganya, inategemea lugha ya mama. Wewe imla umejifunzia wapi? Kwa mwalimu huyohuyo. Basi alifanya kazi.

#15 Bwana Imla
Nilijifunza nikiwa la tano, kwa mwalimu wa Daraja A. Lakini pointi umechukua mzee.

#16 Kidumu na Ufagio
😂😂 Mzee kampa la uso na daftari karudishiwa.

#17 chaki_vumbi
Nyie mnalia UPE, sisi tuliopelekwa shuleni miaka ya 2006 na 2007 baada ya mafunzo ya wiki chache tukaitwa vodafasta, kama ile huduma ya kuongeza salio la simu haraka, wanafunzi wetu wenyewe wanatuita hivyo korido nzima. Kila mara nchi ikiongeza watoto ghafla inatafuta walimu ghafla, halafu lawama anabebeshwa yule aliyeitika. Mtoa mada, andika UPE kwa herufi kubwa.

#18 Dada wa Masijala
Poleni. Mimi sizungumzii upendo, nazungumzia karatasi.

Nimefanya kazi ya kumbukumbu za watumishi miaka mingi. Mnajua tarehe zenu za kuzaliwa zilitoka wapi? Kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mtoto analetwa na shangazi, hana cheti, shangazi anasema kazaliwa "mwaka wa mvua kubwa". Mwalimu anamwambia pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia unaandikishwa, usipolifikia rudi mwakani. Halafu yeye anaangalia urefu wako, meno yako, anaandika mwaka. Jina pia: ukija na jina la kikwenu lisiloandikika kwake, unatoka na lingine, na hilo ndilo liko kwenye cheti chako cha la saba, kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye faili la mafao.

Kwa hiyo watu wa mji mdogo walimfuata mwalimu yule maisha yao yote. Anataka kuoa, anataka kazi ya serikali, anataka kurithi shamba, lazima arudi kwa aliyemwandika athibitishe kwamba huyu ndiye yule. Nimepokea barua nyingi za namna hiyo, mwandiko wa mwalimu mstaafu, mzuri, wa kulala upande mmoja. Mji mzima ulikuwa umeandikwa na mkono wa mtu mmoja. Mtu wa hivyo akifa utaacha kwenda?

#19 ReliYaKati
Hii kweli tupu. Mtaani kwetu karibu watu wote tumezaliwa tarehe 1 Julai. Nina kaka zangu wawili, mama mmoja, wamepishana miezi mitano.

#20 nipo_pembeni
Miezi mitano 😂😂 mama yenu ana nguvu.

#21 Mwalimu wa Huku Kenya
Poleni majirani. Huku kwetu tulikuwa na UT, yaani walimu wasio na mafunzo kabisa, wengi wametoka kidato cha nne wakaingia darasani Jumatatu. Tuliwatania vivyo hivyo. Mwaka 2003 ada ilipoondolewa tena madarasa yakafurika, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Kila mtu analijua jina la Maruge. Waulize wangapi wanamkumbuka mwalimu aliyempokea mlangoni.

Naongeza sababu yangu: mshahara. Kwenye mji ule mwalimu mwanamke alikuwa mwanamke wa kwanza ambaye wasichana walimwona akipokea pesa yake mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Nyanya yangu alikuwa mwalimu, na mama zetu wote walianza kuweka akiba kwa kumwiga yeye.

#22 Mpinga Fimbo
Naona hakuna anayejibu hoja yangu. Mnasema silabi, kisomo, karatasi, mshahara. Fimbo je? #1 kasema mwenyewe alichapa mji mzima.

#23 Kidumu na Ufagio
Tunakujibu. Mimi nilichapwa kwa kuja bila kidumu cha maji, na sikumpenda kwa hilo. Nilimpenda kwa mengine. Mtu mmoja anabeba yote mawili, wewe unataka achaguliwe moja.

#24 Mpinga Fimbo
Nataka liandikwe. Kijitabu kikisema "alikuwa mlezi mwenye upendo" bila kutaja fimbo, sisi tuliochapwa tumesimuliwa uongo tukiwa hai.

#25 mama_mapacha
Nimesita kuandika. Mimi si wa mji huo, ni wa Kigoma, lakini nilikuwa na mwalimu kama huyo. Nilipata mimba nikiwa la saba, nikafukuzwa, wakati huo ndiyo ilikuwa kanuni. Mwalimu wangu wa la kwanza, aliyekuwa akinichapa kwa kuchelewa namba, alikuja nyumbani usiku. Hakunipa pole wala hakunitukana. Aliniletea daftari la mraba na kusema nianze pale tulipoishia. Alikuja hivyo mpaka nikajifungua na baada ya hapo. Angeulizwa na wakubwa wake sijui angejibu nini. Tangu Novemba 2021 wasichana wanaruhusiwa kurudi, nikasikia kwenye redio nikamtafuta kwa simu nimwambie. Alicheka akaniuliza kama nimejua kugawanya kwa tarakimu mbili.

Fimbo yake naikumbuka. Sina la kumjibu Mpinga Fimbo.

#26 Bi Skuli
Mama mapacha, Mungu akuhifadhi. Mjukuu, msomee mjomba wako hii namba 25, mengine aache.

#27 MjukuuWaMwalimu
Nimesoma zote. Mama yangu amekaa pembeni yangu naye ana lake. Anasema nyote mnatafuta mbali, sababu ni kwamba hakuhama. Walimu wengine walikuja, wakakaa miaka miwili mitatu, wakaomba uhamisho kwenda mjini. Bibi alibaki. Ukikaa mahali pamoja zaidi ya miaka arobaini utapendwa hata ukiwa mkorofi, anasema, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kukulinganisha naye.

#28 Mstaafu Daraja C
Mama yako yuko karibu na ukweli lakini aseme na kwa nini hakuhama. Mume wake alikuwa mtu wa reli?

#29 MjukuuWaMwalimu
Ndiyo mzee, babu alikuwa fundi wa njia. Umejuaje?

#30 Mstaafu Daraja C
Walimu wa kike wa stesheni wengi walikuwa wake wa watu wa reli. Mume hahami, mke haombi uhamisho. Wenzake wa umri ule walijiendeleza, wakapanda Daraja A, wakawa waratibu elimu kata. Yeye alibaki na silabi. Mnauita moyo wa kujitolea, lakini muulizeni mama yenu kama alikuwa na chaguo.

#31 MjukuuWaMwalimu
Nimemuuliza. Amenyamaza kidogo akasema Daraja A alilipata, 1996, akiwa na watoto wanne, na nafasi ya ualimu mkuu ililetwa akaikataa. Sababu hakusema. Kwa mama ni kiburi, kwa mjomba ni babu aliyemzuia. Sasa na hilo niliandikeje?

#32 Dada wa Masijala
Andika mwaka aliopata Daraja A na kwamba alikataa ualimu mkuu. Sababu usiandike.

#33 MjukuuWaMwalimu
Hii hapa rasimu ya aya ya pili, ikosoeni:

"Mwaka 1976 aliingia kwenye mafunzo ya ualimu wa UPE, akiwa na elimu ya darasa la saba. Alijifunza ualimu huku akifundisha, kwa miaka mitatu, na kuhitimu Daraja C. Mwaka 1996 alifikia Daraja A. Alifundisha darasa la kwanza na la pili katika shule moja hadi 2018, na jioni alifundisha watu wazima. Alikataa kuwa mwalimu mkuu. Alikuwa mkali na alichapa. Wengi walioandikishwa shule mjini hapa waliandikishwa kwa mkono wake."

#34 Mpinga Fimbo
"Na alichapa." Nimeridhika. Mjomba ataruhusu?

#35 MjukuuWaMwalimu
UPE ameshakubali, baada ya kusomewa #11. Sasa anagomea "alichapa".

#36 Bwana Imla
Sentensi ya pili ina koma mbili, wazee watakwama kuisoma. Weka nukta. Na "walioandikishwa... waliandikishwa" imejirudia, tengeneza.

#37 TakwimuKwanza
"Jioni alifundisha watu wazima", weka kuanzia lini hadi lini.

#38 ReliYaKati
Kuanzia 1971 😂

#39 TakwimuKwanza
@ReliYaKati hapana.

#40 fundi_wa_stesheni
Samahani kwa kuingia kwa nyuma, na poleni sana kwa msiba. Mimi niliandikishwa na marehemu mwaka 1979. Mama yangu alisema nimezaliwa 1971, yeye akaniangalia akaandika 1968, eti nilikuwa mrefu. Miaka mitatu hiyo imenifuata hadi kazini na kustaafu kwangu kunahesabiwa kwa mwaka wake. Swali langu kwa mtoa mada: lile daftari la uandikishaji la 1979 liko shuleni au lilibaki nyumbani kwa bibi? Nasikia alikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli pembeni mwaka uliotajwa na mzazi.